Paka Aliyechaguliwa kwa Shaka

Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wameshalisahau. Mtaa mzima ulimwita Pima Tena, maana hayo ndiyo maneno yaliyomtoka mara nyingi kuliko salamu. Alikuwa fundi mizani. Ukimtajia saa, alitaka kujua saa yako umeirekebisha kwa kufuata ya nani. Ukimwamkia kwa uchangamfu uliopita kiasi, alikuangalia juu ya miwani akakuuliza una shida gani.

Tusimlaumu haraka. Mtu huyu alikuwa amefungua mizani za wachinjaji, za wauza nafaka, za wanunuzi wa vyuma chakavu, na ndani yake alikuta mambo. Alikuta sarafu iliyobandikwa kwa lami chini ya sahani. Alikuta sumaku ndani ya mguu wa mizani, imefungwa kitambaa isigonge. Na kila aliyezileta aliapa kwa marehemu mama yake kwamba hajui imefikaje humo. Ukiishi na viapo vya namna hiyo toka ujana mpaka mvi, utaona kila kitu duniani kina kitu kilichobandikwa chini yake. Tatizo la Pima Tena ni kwamba jioni alifunga karakana, lakini tabia hakuifunga.

Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana: vyumba vitatu, jiko, na ua wa saruji wenye kamba ya nguo. Mkewe alipofariki, nyumba ilikaa kimya hata yeye akaanza kuongea na bisibisi zake. Kisha mwanawe wa pekee, dereva wa lori, akaoa, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya safari, akamleta mkewe aishi na mzee. Hapo ndipo nyumba ilipopata tena harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Mwana naye, ambaye zamani alikuwa akipitiliza, sasa akitoka safari alikuja moja kwa moja, akavua viatu mlangoni, akacheka mpaka majirani wakajua amerudi.

Pima Tena aliipenda hali hiyo kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Alijua pia, maana hesabu haikuwa ngumu, kwamba siku mkamwana akiondoka, mwana ataondoka naye, na yeye atarudi kwenye bisibisi zake. Ungedhani mtu anayejua hivyo angemshika mkamwana kama yai. Wapi! Alichora alama ya kalamu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Kwenye kifuniko cha kopo la sukari alilaza uzi mwembamba, likifunguliwa asubuhi ajue. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na nguo iliyokuwa karibu naye ilikuwa ni ya mkamwana.

Mkamwana alikuwa mwanamke mtulivu, mpiga pasi katika duka la dobi, anayetoka alfajiri na kurudi mchana akiwa ananukia mvuke na wanga. Uzi wa kwenye kopo aliuona wiki ya kwanza. Alichota sukari, akaurudisha uzi mahali pake kwa kucha mbili.

Siku moja, wakila, akasema, "Baba, panya wamezidi. Jana wametafuna mkanda wa ile mizani ya mchinjaji. Kwa nini tusitafute paka?"

Pima Tena aliacha kutafuna. "Paka wa nini?"

"Wa panya, baba. Na wa kukuchangamsha pia. Unakaa peke yako kutwa."

"Nani kasema nimechoka kukaa peke yangu?"

"Hakuna aliyesema."

Usiku huo aliligeuza jambo hilo kila upande. Panya walikuwepo toka enzi za marehemu. Kwa nini paka sasa? Akapata jawabu, na jawabu lilimfurahisha kwa ubaya wake: nyumba yenye paka, samaki akipungua ni paka, maziwa yakipungua ni paka. Mwizi anajitafutia wa kumsingizia. Hata hivyo mkanda wa mchinjaji ulikuwa umetafunwa kweli, na mchinjaji alikuwa mtu wa kelele. Akakubali, kwa sharti moja: paka atachagua yeye mwenyewe.

Walikwenda kwa Mama Mayai, mwanamke mnene mchangamfu aliyeuza mayai kwa jumla katika stoo iliyopangwa trei mpaka darini. Paka wake alikuwa amezaa ndani ya sanduku la maranda, na watoto walishaanza kutembea. Mmoja, mweupe mwenye kofia ya rangi ya majivu, alimjia Pima Tena moja kwa moja. Alinusa kandambili, akapanda juu ya mguu, akaanza kunguruma kwa raha.

"Huyo ndiye wako, mzee wangu," alisema Mama Mayai. "Ameshakupenda. Anakula kila kitu, choo anajua, ana afya kama askari. Nimemtunza kwa ajili yako."

Hapo aliharibu. Kama angenyamaza, mambo yangekuwa mengine. Pima Tena alimtoa paka mguuni kwa vidole viwili kama mtu anayetoa risiti ya uongo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na huyu hakujitembeza tu, alipanda mpaka kwenye kifundo cha mguu. Halafu "kwa ajili yako" ilitoka wapi? Nani alimwambia Mama Mayai kwamba anakuja? Aligeuka akamtazama mkamwana, naye alikuwa amekwisha kuchuchumaa akimkuna yule mweupe kidevuni.

"Baba, mchukue huyu. Mzima kabisa."

Naam. Wawili wanamsukumia kitu kimoja. Aliinama, goti likalia, akachungulia nyuma ya trei za chini. Kule mwisho, kwenye giza na mabua, palikuwa na mtoto wa paka wa kijivu, mifupa mitupu yenye tumbo kubwa, jicho moja linatoa machozi. Aliponyoosha mkono, akatoa meno na kumfokea.

"Huyu," alisema Pima Tena.

Mama Mayai alicheka akidhani ni mzaha. Mkamwana hakucheka. "Baba, huyu mgonjwa. Angalia jicho."

"Tumbo lake limeshiba."

"Tumbo lile si la shibe, baba. Mbavu zinaonekana."

"Huyu angalau hafichi kwamba hanipendi," alisema mzee. "Huyu hakuna aliyempanga." Akamtoa kwa kumkwida shingoni, akakwaruzwa kiganja, akatoka akiwa ameridhika kabisa. Ndivyo mtu mwenye macho makali kuliko wote mtaani alivyoacha paka mzima akachukua mgonjwa, kwa sababu moja tu, kwamba yule mzima alisifiwa.

Alimpenda, na hilo nalo tuliseme. Alimtengenezea kitanda ndani ya sanduku la mizani ya mezani, akatandika fulana yake kuukuu. Aliziba kwa mbao pengo la chini ya mlango wa ua. Kila asubuhi, kabla ya wateja, alimweka kwenye sahani ya mizani ndogo ya shaba, akaweka mawe ya kupimia upande wa pili, akasubiri mshale utulie. Paka alikaa humo ametanua masikio, anatetemeka kidogo, na fundi akimwambia, "Tulia, mwenzangu, hapa ni mahali pekee duniani pasipo na uongo." Lakini mshale haukusogea. Siku zilikwenda, paka akila kama aliyetumwa, na uzito ulikuwa ule ule.

"Minyoo," alisema mkamwana. "Baba, tumpeleke kwa daktari wa mifugo, pale nyuma ya duka la vyakula vya kuku. Ni dawa kidogo tu."

"Mtu anayeuza dawa," alijibu Pima Tena, "hata siku moja hatakwambia wewe ni mzima."

Yeye alikuwa na maelezo yake. Samaki aliyekuwa akimnunua kwa ajili ya paka alimkabidhi mkamwana achemshe. Kama paka hanenepi, samaki anakwenda kwingine. Akaanza kumpima samaki kabla ya kumtoa mkononi. Siku moja alirudi kutoka karakana kwa kunyata akachungulia kwenye ufa wa mlango wa jiko. Alimwona mkamwana amechuchumaa, anatoa mwiba mmoja mmoja, anamlisha paka kwa ncha ya kidole na kumnong'oneza. Sahani ilikuwa imejaa. Mtu mwingine angeona haya akarudi kazini. Pima Tena aliona jambo moja tu: amejuaje kwamba nachungulia?

Basi, siku moja mshale ukasogea. Kidogo, lakini ulisogea. Kesho yake ukasogea tena. Jicho lilikauka, tumbo likapungua, na paka, ambaye mpaka hapo alikuwa akikaa chini ya benchi, alipanda juu akaanza kuviringisha skrubu za watu. Ungetegemea furaha. Ilikuwepo, siku moja. Halafu fundi akaanza kujiuliza: mimi sijabadilisha kitu, nani amebadilisha? Mizani haisogei bila mkono.

Ndipo alipotambua habari ya kikapu. Siku mbili tatu kwa wiki, baada ya kutoka kwa dobi, mkamwana alitoka tena na kikapu chenye mfuniko. "Naenda sokoni mara moja, baba." Alirudi na nyanya, na nyanya zilikuwepo tele jikoni. Isitoshe, saa hizo za kikapu paka hakuonekana popote. Pima Tena akaenda mbio kwenye kabati, akafungua boksi la mawe ya shaba ya marehemu baba yake, vitu ambavyo mnunuzi wa vyuma angevilia mate. Yote yalikuwepo. Alisikitika kidogo kwamba yalikuwepo, maana sasa hakuwa na la kushika.

Siku iliyofuata kikapu kilipotoka, alimwacha mchinjaji amekaa kwenye kigoda akisubiri mizani yake. "Nakuja," alimwambia, na kabla mchinjaji hajafungua mdomo, alikuwa barabarani.

Kumfuata mtu na goti bovu ni kazi. Bahati ilikuwa upande wake, au ndivyo alivyodhani: mkamwana alikwenda pole pole kama mtu anayehesabu mawe ya barabarani. Alisimama kwenye dirisha la duka la viatu, akatazama viatu vya kiume kwa muda mrefu usioelezeka. Alisimama tena kwa fundi baiskeli bila shida yoyote ya baiskeli. Pima Tena, amejibanza nyuma ya matangi ya maji yaliyopangwa nje ya duka la vifaa vya ujenzi, alipumua, akapangusa jasho, akajisifu kwamba kazi hii anaiweza ingawa ujana umepita. Soko lilikuwa kushoto. Mkamwana akapinda kulia. Moyo wa mzee ulimruka kwa ile furaha chafu ya mtu aliyesema tangu mwanzo.

Mkamwana aliingia kwenye duka la vyakula vya kuku, akapita mpaka chumba cha nyuma. Pima Tena alizunguka kwa ubavuni, kwenye uchochoro uliojaa magunia ya pumba, akasimama chini ya dirisha la vioo vya kupanga. Harufu ya dawa ilimpiga puani. Kisha akasikia sauti anayoijua, ya paka wake, akilalamika.

"Minyoo imekwisha karibu yote," alisema mwanamume ndani, bila shaka daktari. "Jicho ndilo safi kabisa. Umemtunza. Lakini siku zote unamleta kwenye kikapu kama mali ya wizi. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe haamini dawa," alisema mkamwana. "Akijua, atasema nimemwekea paka sumu."

Daktari alicheka. Mkamwana hakucheka.

"Nataka apone kabla ya mwisho wa mwezi, daktari. Tumepata chumba, mimi na mume wangu, karibu na maegesho ya malori. Tunahama. Baba hajaambiwa, mwanawe atamwambia akirudi safari. Mimi sikutaka abaki na nyumba tupu. Ndiyo maana nilimtajia habari ya paka mapema, wazoeane kwanza. Akachagua mgonjwa. Sasa nikimwacha na paka mgonjwa akafa, si nitakuwa nimemwongezea msiba?"

"Mbona mnahama? Mzee mkali?"

"Si mkali. Hajawahi kunitukana hata siku moja. Nimechoka tu kujieleza. Nyumba ile, daktari, ukikohoa unatoa maelezo."

Pima Tena alikuwa amejiambia tangu mwanzo kwamba habari ya paka ni mpango, na kweli ilikuwa mpango. Shaka yake ilipiga penyewe, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile. Na alichokikuta chini ya sahani hakikuwa sumaku wala sarafu. Kilikuwa ni huruma, imebandikwa hapo na mtu aliyekwisha kukata tamaa naye. Iliuma, na hakuna namna nyingine ya kusema.

Alirudi nyumbani kwa njia ya mkato. Mchinjaji alikuwa ameondoka kwa hasira, na mizani yake imebaki benchini tumbo wazi. Fundi aliketi mbele yake bila kuigusa. Jambo la kusema alikuwa nalo, nalo lilikuwa neno moja: msihame. Lakini ukilisema tu, utaulizwa umejuaje. Na jibu la umejuaje ndilo lile lile linalowafanya wahame. Alilizungusha jambo hilo, akatafuta upenyo. Angeweza kusema kasikia kwa majirani. Angeweza kusema kaota. Yeye aliyefichua uongo wa mji mzima alikaa pale akijaribu kutunga mmoja, na hakuuweza.

Mkamwana aliingia, akaweka kikapu mezani, akatoa nyanya. Paka alichomoza kichwa chini ya kanga, akaruka, akaenda zake chini ya benchi. Hakuna aliyejifanya hakumwona.

"Mwanangu," alisema Pima Tena. Akakohoa. "Msihame."

Mkamwana aliiweka mezani nyanya aliyokuwa nayo mkononi.

"Nilikufuata," alisema mzee. "Nilisimama pale uchochoroni, kwenye magunia. Nimesikia. Nimekosa, mwanangu. Si leo tu. Mambo ya sukari, ya mafuta, yote. Msihame. Sina mwingine."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyomwambia toka aolewe. Yalimtoka bila mpangilio, na kwa kuwa yalimtoka hivyo, yalikuwa ya kweli. Uso wa mkamwana ulilegea. Alivuta kigoda akakaa karibu naye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nilijua unanifuata, baba," alisema taratibu. "Nilikuona toka pale kwenye matangi. Ndiyo maana nikawa nasimama simama. Nilihofia goti lako."

Alisema kwa upole, hata kwa tabasamu dogo. Alikuwa anampa mkono. Mtoto mdogo angeuona ule mkono. Mzee naye aliuona, na kama angenyamaza hapo hapo, au angesema ahsante mwanangu, leo hii tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Lakini wazo lilimwingia, likavuta kiti likakaa kama mwenyeji. Kama alijua nipo nyuma yake, basi alijua nipo dirishani.

"Kwa hiyo yale uliyomwambia daktari," alisikia mdomo wake ukisema, "uliyasema ukijua nasikia?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Mzee aliona kwenye uso wa mkamwana jinsi maneno yale yalivyopenya. Mkamwana hakukasirika, laiti angekasirika. Alimtazama kwa muda, jinsi unavyomtazama mgonjwa uliyedhani amepata nafuu.

"Hata hilo, baba?"

"Nimeuliza tu. Mwanangu, nimeuliza tu, sikuwa na maana..."

"Najua."

Aliinuka, akakirudisha kigoda ukutani. Akainama chini ya benchi, akamtoa paka, akamweka kwenye mapaja ya mzee. Kutoka mfukoni alitoa kichupa cha dawa chenye mrija.

"Mshike hivi, nyuma ya taya. Usibane. Akifungua mdomo unaweka matone kwa pembeni, si katikati, atapaliwa. Haya, fanya wewe."

Pima Tena alishika mrija. Vidole vyake, ambavyo vingeweza kuweka jiwe dogo kama punje kwenye sahani bila kutikisa mshale, viliminya mrija mapema, na tone la kwanza likaanguka kwenye suruali.

"Nifanyie leo," alisema bila kuinua macho. "Kesho nitajifunza."

"Hapana, baba, jaribu tena nikiwa naona," alisema mkamwana. "Dozi ya mwisho ni wiki ya kwanza ya mwezi ujao, na sisi hatutakuwepo."